Mawe ya Kuzuia Magurudumu

Nyanya yangu Wakio alijaza maji kinywani hadi mashavu yakavimba, akasimama mbele ya lori la Mbuvi, akayapuliza yote kwenye gurudumu la mbele. Matone yaling'aa juani, yakateremka kwenye mpira uliojaa vumbi jekundu, yakaacha michirizi. Kisha akasema kwa Kidawida, lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani aliye ng'ambo ya ua: hasira yangu, toka; kilichoniuma hapa kiishie hapa. Akachota maji mengine kwa kibuyu, akaenda kwenye lori la pili.

Mimi na Mulei tulikuwa tumepanda juu ya ukuta wa shule. Kanuni za bweni zilikataza mwanafunzi kupanda pale, na bila shaka waliozitunga walijua kwamba hakuna mahali pengine panapoonyesha vizuri uwanja wa zahanati.

Madereva walikuwa wamejilaza chini ya malori yao. Mmoja baada ya mwingine waliinuka, wakasimama, wakavaa viatu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mama mzee anafanya nini. Mbuvi, mtu wa kifua kipana aliyekuwa kama mkubwa wao, alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta wetu. Hapo akainua macho na kumwona Mulei, Mkamba mwenzake.

"Wewe kijana. Huyu mama anafanya nini na gari langu?"

"Anatoa hasira iliyo moyoni," Mulei alisema. Ulikuwa ukweli mtupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemweleza dakika chache tu kabla.

"Anaitoa anaiweka wapi?"

Mulei alifikiri. Alilitazama gurudumu lililolowa. "Hilo sijui, mzee."

Mbuvi naye akalitazama gurudumu. Injini ya kwanza ikanguruma, kisha ya pili, na kabla kengele ya michezo haijalia, uwanja ulikuwa mtupu kama bakuli la uji wa bweni baada ya kifungua kinywa.

Sasa naomba nieleze jambo hili kwa heshima linayostahili, kwa maana linahusu ardhi ya umma. Mwaka ule wa 1974 nilikuwa kidato cha pili. Kati ya shule yetu na barabara palikuwa na zahanati ndogo, na mbele ya zahanati palikuwa na uwanja. Kwa karatasi, uwanja ule ulitengewa zahanati, ili siku moja ijengwe wodi ya akina mama kujifungulia. Kwa macho ya dereva aliyetoka Taveta na shehena ya ndizi, au Njukini na magunia ya mahindi, ulikuwa na vivuli vizuri, bomba la maji, na hoteli ng'ambo ya barabara.

Sista Tryphena, muuguzi mkuu, aliwaomba madereva waondoke, akawakemea, akawaombea kanisani kwa majina. Walimsalimu vizuri sana na kubaki. Mimi pia nilitoa mchango wangu. Nilitunga Kanuni za Uegeshaji, nikaziandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao, nikatia sahihi "Kwa Amri", na kuusimamisha ubao langoni. Madereva waliupenda mno. Walianikia mashati yao hapo.

Siku mbili kabla ya jambo la Nyanya, Sista aliniita kutoka ng'ambo ya ukuta. Sikuwahi kumwona amechoka vile.

"Zephaniah, ramani mpya ya mji inachorwa. Bwana Gibson wa ofisi ya viwanja anakuja Ijumaa na penseli zake. Kijani ni ya taasisi, kahawia ni ya malori. Uwanja usipotumiwa na taasisi, anaupaka rangi ya wale wanaoutumia. Akipaka kahawia, wodi imekwisha. Rangi hiyo haifutiki."

"Hata kwa raba, Sista?"

"Hebu nenda darasani."

Nilikwenda, lakini sikucheka. Mwaka uliotangulia, dada yangu Gertrude aliletwa kutoka Wusi kwa pikapu akiwa na uchungu. Lango la zahanati lilikuwa limezibwa na lori la Mbuvi, na Mbuvi mwenyewe alikuwa amelala chumba cha nyuma cha hoteli, funguo mfukoni. Gertrude hakufika mlangoni. Alijifungua kati ya malori mawili, madereva wamempa mgongo na kushikilia turubai kwa mikono iliyoinuliwa kama watu waliokamatwa na polisi. Mulei aliposikia alisema kwao mtoto aliyezaliwa njiani huitwa Mwanzia. Alitania tu. Jina likashika, na hivyo mpwa wangu, Mdawida wa Wusi pande zote mbili, ana jina la Kikamba mpaka leo.

Nyanya hakulisahau lango lile. Mwanzia akawa mtoto wa homa; ikipoa wiki hii, inarudi ijayo. Kwetu, mzee akiweka hasira moyoni, inaweza kumwangukia mtoto wa nyumba yake. Nyanya alijichunguza, akajua hasira yake iko wapi, akashuka mlima kuja kuitoa palepale ilipoingia. Huko ndiko kutasa. Hakuna laana ndani yake hata tone. Ni kuomba heri.

Nilikimbia kumpa habari njema kwenye kivuli cha zahanati, alipokuwa ameketi na Gertrude na mtoto.

"Nyanya, umewafukuza! Wamedhani umewaroga!"

Gertrude aliziba mdomo kwa leso. Nyanya hakucheka.

"Wamedhani nini?"

Nikarudia, safari hii kwa sauti ya chini kidogo.

"Mimi nimetua mzigo wangu," alisema, "na wao wameuokota wakakimbia nao. Sasa hiyo ni dawa gani? Nenda ukawaite warudi."

"Nyanya, kesho ni Ijumaa! Bwana Gibson anakuja. Wakirudi, wodi hakuna. Tuwaache waogope mpaka Jumamosi tu, kisha nitawaeleza mwenyewe, kwa hotuba."

"Huyo Gibson ndiye anayeamka na huyu mtoto akichemka?"

Alisimama, akamchukua Mwanzia, akavuka barabara. Nilimfuata kwa miguu mizito, nikiiona penseli ya kahawia ikinijia kubwa kama mti.

Mbuvi alikuwa hotelini mbele ya sahani ya pure, mahindi na maharage, ambayo hakuigusa. Alipomwona Nyanya aliinuka nusu, hakujua kama akae au akimbie. Nyanya alimwekea mtoto mikononi.

"Huyu alizaliwa kando ya gari lako. Nilikukasirikia mwaka mzima. Leo nimekusamehe, na wewe unakimbia?"

Mbuvi alimtazama Mwanzia, na Mwanzia akamshika kidole. Mtu yule mpana alikohoa mara kadhaa.

"Mwaitu," alisema, na hilo kwao ndilo neno la kumwita mama, "siku ile nilikuwa hapa nimelala. Walipokuja kuniamsha, mtoto alikuwa analia tayari. Tangu hapo nikipita lango lile natazama pembeni."

"Na bado unaegesha hapo."

"Nimezoea, mwaitu."

Nyanya akasukuma gilasi ya maji kuelekea upande wake. "Toa na wewe."

Mbuvi akajaza kinywa. Alikuwa mgeni katika kazi hiyo. Nusu ya maji ilifika sakafuni, nusu ikaniangukia mimi usoni. Hoteli nzima ilicheka. Mwanzia pia.

Ijumaa asubuhi nilipanda ukutani, na moyo wangu ukaanguka upande wa pili. Malori yalikuwa yamerudi, yote. Sista Tryphena alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, na Bwana Gibson alikuwa anashuka garini na ramani yake kwapani.

Ndipo nikaona kwamba malori hayakuwa yamejaa uwanjani. Yalipangwa mstari mmoja kando ya barabara, pua mbele mkia nyuma, na lango liko wazi kabisa. Kati ya malori na uwanja, kutoka kona hadi kona isipokuwa langoni, palikuwa na safu ya mawe. Niliyatambua. Ni mawe ambayo utingo huruka nayo kuyasukuma nyuma ya gurudumu lori linaposhindwa na mlima wa Wundanyi. Dereva hatoi jiwe lake ovyo. Huwa limeshazoeana na gurudumu.

Bwana Gibson alitembea kando ya mawe yale polepole kama mtu anayekagua gwaride.

"Nani ameweka mpaka huu?"

"Sisi," Mbuvi alisema, kofia mkononi. "Huko ndani ni kwa akina mama."

"Na nyinyi mtaegesha wapi?"

"Hapa hapa nje ya mawe, bwana. Ukipenda, tupakie na sisi kahawia kidogo."

Bwana Gibson alikunjua ramani juu ya boneti la gari lake. Sista alisogea kuchungulia. Mimi nilimshika Mulei mkono, jambo ambalo tumekubaliana lisisemwe bwenini. Penseli ya kwanza ilikuwa ya kijani. Alipaka kwa muda mrefu. Kisha, ukingoni kabisa, akachora mstari mwembamba wa kahawia.

Sasa niko kidato cha nne, mtu mzima wa kutegemewa, ingawa mwalimu wa zamu ana maoni tofauti. Ubao wangu wa kanuni ulitumika kuchanganyia saruji ya wodi. Homa ya Mwanzia iliisha: Sista anasema ni vidonge vyake, Nyanya anasema ni maji yake, na mimi sikuitwa kutoa ushahidi. Mawe bado yapo. Mbuvi huyapaka chokaa kila Krismasi.

Mwezi uliopita Gertrude alishuka tena kutoka Wusi. Pikapu ilipita lango bila kupunguza mwendo. Mtoto alizaliwa kitandani, adhuhuri, mlango umefungwa, bila turubai wala dereva. Tulitafuta tukio lolote la kumpa jina, tukakosa.

Akaitwa Donald.