Besi Aliyetoka Damu

Ndugu yangu Curt amerudi jela kwa sababu ya samaki mmoja. Hakuiba, hakupiga mtu, hakunywa. Alivua besi wiki moja kabla msimu wake haujafunguliwa, akamtia kwenye ndoo badala ya kumrudisha majini, na askari wa uvuvi alikuwa ng'ambo ya ghuba anamtazama kwa darubini.

Naeleza ilivyokuwa kwa sababu hapa mjini watu wanaeleza vingine.

Curt ni mdogo wangu. Alikuwa na kifungo cha nje kwa kuendesha gari amelewa, mara ya tatu. Masharti yalikuwa asiguse pombe na asivunje sheria yoyote, hata iwe ndogo namna gani. Mwezi wa Februari, baridi ile inayogandisha hata dizeli, pikapu yangu ilikataa kuwaka, akakosa kwenda kupimwa pumzi kama amekunywa. Jaji akampa onyo la mwisho. Alilitamka polepole, la mwisho, akamkazia macho mpaka Curt akaitikia. Kosa jingine lolote ni miezi kumi na minne ndani.

Na mama alikuwa anakufa. Saratani ya tumbo. Tulimhamishia kitanda sebuleni, dirishani, na nesi aliacha kusema "akipona" theluji ikiwa bado inafika magotini. Mama hakutaka makubwa. "Mnibebe nyote wawili," alisema. "Wendell peke yake ataegemea upande mmoja, jeneza litaanguka." Akacheka, ikamuuma, akaacha. Wendell ni mimi.

Basi kazi yangu ikawa ni hiyo tu: kumweka Curt nje mpaka mama azikwe.

Saa mbaya kwake ilikuwa saa kumi na moja jioni. Baa iko mwisho wa barabara yetu, na taa yake ya tangazo la bia inaonekana ukiwa jikoni. Ikifika saa hiyo Curt alikuwa anaosha vikombe ambavyo ni visafi. Nikamwambia tuwe tunakwenda ziwani. Boti tulishaiuza, kwa hiyo ni kuvua kutoka ukingoni, kwa miguu. Utotoni alivua kwa mnyoo na kiboya darajani. Chambo bandia hakuwahi kukishika. Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano nikaingia kiwanda cha mbao, lakini lile ziwa nalijua.

Jioni ya kwanza alikwenda moja kwa moja mpaka maji yakalamba buti zake, akarusha chambo cha bati chenye umbo la kijiko, kile chekundu na cheupe, kwa nguvu zake zote kuelekea katikati ya ziwa.

"Unamtafuta nani huko?" nikamuuliza.

"Samaki. Si ndiye tuliyemfuata?"

"Samaki alikuwa hapo miguuni pako. Umeshamfukuza na hayo mabuti yako ya ng'ombe. Rudi nyuma."

Alirudi nyuma huku ananung'unika. Nikamwonyesha. Mwezi wa Mei maji ya pembeni ndiyo yanayotangulia kupata joto, na majani mapya yanaota hapo. Paiki, yule samaki mrefu mwenye meno, ameshataga, ana njaa, amejibanza kwenye ukingo wa majani na ule mdomo wake wa bata, anasubiri. Ukirusha mbali, kijiko chako kinapita juu ya maji matupu na mara moja tu kinagusa mahali pa maana. Ukirusha sambamba na ukingo, kinapita mbele ya pua za samaki njia nzima. Watu wenye boti za maelfu wanakwenda mpaka katikati halafu wanarusha kuelekea ukingoni. Wewe uko ukingoni tayari.

"Acha kizame kidogo. Sasa vuta. Vuta, vuta, acha."

"Niache?"

"Acha. Paiki hashikwi na kitu kinachokimbia tu. Anataka kinachokimbia halafu kikachoka."

"Kama mimi," alisema Curt.

"Kama wewe. Haya, vuta."

Nilimfungia kipande cha waya kati ya mshipi na kijiko, maana meno ya paiki yanakata mshipi kama mkasi. Kwa besi tulitoa waya, yeye ana macho makali na hana meno ya kukata. Tukaweka mnyoo wa mpira, unautupa kando ya gogo lililoangukia majini, unauacha, unautikisa, unauacha tena mpaka wewe mwenyewe uchoke. Nilimfundisha kupitisha mshipi kwenye vidole na kuukata ukikuta mkwaruzo. Nilimfundisha kuchora namba nane majini na ncha ya ufito kabla ya kuinua chambo, kwa sababu paiki hufuata mpaka miguuni na hapo ndipo anapoamua.

Hilo la namba nane alinicheka. "Kaka, unavua au unafundisha chekechea?"

Siku chache baadaye alikuwa anaichora, anaimba namba kwa sauti ya kitoto ili kunikera, na paiki mrefu kama mkono wangu akatoka chini ya majani akaibeba nane nzima. Curt akapiga kelele, akakaa kitako majini, hakuachia ufito. Nilimtoa yule samaki kwa koleo refu. Curt alikuwa amelowa mpaka kiunoni na anatetemeka, maji bado yana ubaridi wa barafu, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe niliona meno yake yote.

"Namba nane," alisema. "Namba nane, mshenzi wewe."

Tulikwenda na paiki nyumbani, msimu wake ulikuwa wazi. Nikamkaanga kwa siagi na unga wa biskuti za chumvi kama anavyopenda mama. Lakini paiki ana miiba mingine midogo iliyogawanyika, imejificha ndani ya mnofu, na mimi si fundi wa kuitoa. Mama alimeza tonge la pili, mwiba ukamkwama. Alikohoa mpaka midomo ikawa ya buluu. Curt alimshika mgongo. Ulipotoka, mama alifuta macho akasema, "Huyu ana miiba kuliko wajumbe wa kanisa." Kisha akasema, "Ningepata besi, ningekula."

"Bado wiki mbili, mama," nikamwambia. "Besi kwa sasa unamvua unamrudisha."

"Mimi sina wiki mbili za kuigawia serikali."

Baada ya hapo hakula tena kitu cha kutafuna. Supu, maji, kijiko cha aiskrimu. Curt ndiye aliyekuwa anamlisha, na mara nyingi bakuli lilirudi jikoni limejaa.

Jumamosi iliyofuata Curt alirudi kutoka kituo cha mafuta ameshika chura wa plastiki, kijani, mwenye macho ya njano. Alikuwa amepata kibarua cha kupakia kuni na hicho ndicho kitu cha kwanza alichojinunulia.

"Hiki changu," alisema. "Sio cha kuazima."

Chini ya chura zilining'inia ndoana mbili za ncha tatu, mpya, na kila ncha ina kile kijino cha nyuma kinachozuia isitoke. Kwenye sanduku langu ndoana zote nimezibana vijino kwa koleo. Mtu anayejifunza hana mkono mwepesi wa kuchomoa, na samaki anakufa wakati wewe unahangaika.

"Lete nikibane," nikamwambia tulipofika ziwani.

"Nirushe mara moja kwanza. Moja tu, kaka. Kikiwa kipya."

Alisimama nyuma ya mwerezi, mbali na maji. Alirusha sambamba na ukingo, chura akatua kando ya gogo bila kelele. Alisubiri viduara vya maji viishe. Vikaisha. Akatikisa mara moja, akaacha. Alifanya kila nilichomfundisha, na alifanya vizuri kuliko mimi.

Besi alimmeza chura mzima.

Alikuwa jike, tumbo limejaa mayai. Ndoana ya nyuma ilikuwa imeingia kwenye matamvua. Nilihangaika na koleo, Curt akinishikia, na ilipotoka, ilitoka na nyama. Damu ikashuka kwenye viganja vyetu.

"Mrudishe," nikamwambia.

Alipiga magoti akamshika mkia, akamwelekeza kichwa kwenye mawimbi, akamwendesha mbele na nyuma. Akamwachia. Besi akageuka, tumbo jeupe juu. Akamshika tena. Akamwachia. Tumbo juu.

"Anakufa, Wendell."

"Afie humo. Sheria inasema anarudi, awe mzima awe maiti."

"Arudi kwa nani? Kwa kobe?"

"Kwa yeyote. Sio kwako."

"Ukimtoa damu, ni wako," alisema Curt.

Hayo si maneno yake. Ni ya mama. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyolelewa, na babu zetu waliokuja kutoka Ufini walilelewa hivyohivyo: samaki mzima unaweza kumrudisha ukiona mdogo, lakini ukishamtoa damu umemchukua, na kumtupa ni dhambi. Niliwahi kupigwa kofi mbele ya wageni kwa kutupa samaki anayevuja damu.

"Mama hajala tangu Jumatatu," alisema. Alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama.

"Curt. Sio leo. Wiki moja tu."

Akamtia kwenye ndoo, akamfunika kwa majani mabichi. Tulikuwa tunafunga sanduku tuliposikia mlango wa gari barabarani.

Askari alikuwa kijana, kofia mpya, sura ya mtu aliyelelewa vizuri. Akatusalimia, akaomba leseni zetu za uvuvi, akazisoma, akaturudishia. Halafu akasema, "Naomba nione ndoo."

"Ni wangu huyo, afande," nikasema kabla hajainua jani. "Mimi ndiye niliyemvua."

"Bwana," alisema, "nimewatazama tangu chura aguse maji. Usinifanye niandike wawili."

"Aliumia. Asingepona. Umeona mwenyewe alivyokuwa anageuka."

"Nimeona. Alijaribu, nimeona." Aliinua besi, akalitazama lile tumbo la mayai. "Lakini sikuandikiwa kipengele cha kuumia."

"Ni wa mama yetu," alisema Curt. "Mgonjwa."

Yule kijana alikwenda kwenye gari na kitambulisho cha Curt. Alikaa humo muda. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, na nilijua ameshaliona la kifungo cha nje kwenye mashine yake.

"Mimi naandika samaki tu," alisema. "Hayo mengine hayako mikononi mwangu."

"Si uache basi," nikamwambia. "Rarua. Nani atajua?"

"Nikishaingiza jina, limeingia, bwana. Samahani."

Alimchukua besi kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya ushahidi. Mkia ulikuwa bado unacheza.

Mama hatukumwambia. Aliuliza kama tumepata kitu. Curt akasema, "Wamekataa leo, mama." Akampasha supu.

Mahakamani wakili wake, wa kupewa na serikali, alikuwa ameniambia koridoni kwamba kuna mlango mmoja: Curt aseme hakujua kuwa msimu bado. Mgeni wa uvuvi, hajui tarehe, jaji anaweza kulegeza. Nilimwambia Curt mara tatu. Aliitikia kwa kichwa mara tatu.

Jaji akamuuliza, "Ulijua kuwa msimu haujafunguliwa?"

Curt alikuwa anahudhuria vikao vya walioacha pombe, na humo wanaapishwa kutodanganya. Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Nilijua," alisema Curt. "Kaka alinikumbusha nikiwa nimeshamshika."

Wakili alifumba macho. Jaji akashusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya, sauti yake haikupanda. Alisema Februari alitumia neno la mwisho, na hana neno jingine baada ya hilo. Walimtoa Curt kwa mlango wa pembeni. Nilibaki nimeshika koti lake.

Mama alimuulizia siku nzima. Nilisema amepata kazi ya kuni, kaskazini, kambini. Jioni akasema, "Wendell, mimi nimezaa wanaume wawili. Najua yupi anadanganya." Akageukia dirishani. Hakuniuliza tena.

Alikufa Juni, msimu wa besi uko wazi, ghuba imejaa watu. Niliandika barua gerezani kuomba Curt aje, hata kwa pingu. Wakajibu kwamba askari wa kumsindikiza hawapo.

Jeneza lina vishikio sita. Vinne walishika binamu zangu. Cha tano nilishika mimi. Cha sita, mbele kushoto, tulimwachia Curt mpaka dakika ya mwisho, halafu akakishika dereva wa gari la maiti, mtu ambaye hatumjui, na upande ule ulikwenda umeinama mpaka kaburini.

Besi mmoja, ambaye hakuna aliyemla. Miezi kumi na minne. Kishikio kimoja.