Zamu ya Mathiya

Pélagie alipewa Mathiya kwa sababu hakuwepo. Siku kikundi cha maombi cha wahamiaji wa mtaa wa Bredäng kilipogawana mitume, kila mtu achague wake wa kuwaeleza wenzake Jumamosi moja, yeye alikuwa kazini. Petro akaenda, Yohana akaenda, hata Tomaso aligombewa. Akabaki huyu aliyeingizwa mwishoni kujaza nafasi ya Yuda.

"Wamekupa vikarie mwenzako," Wamaitha, waliyesali naye hapo, alimcheka.

Wote wawili walikuwa vikarie kwenye nyumba ya wazee kule Skärholmen, watu wa kuitwa alfajiri mwenye kazi akiugua. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wanawaogesha wazee wale wale na kupanda treni ile ile. Sasa ilikuwa imetokea nafasi moja ya kudumu, nao ndio walioiomba. Josefin, mkubwa wao, alisema atakayeipata atapigiwa simu kabla ya Jumamosi. Pélagie hakuota makubwa. Alitaka tu akilala ajue kesho ataamka saa ngapi.

Jumamosi ikafika, simu haijalia. Akajiambia labda Josefin naye anaumwa.

Zamu yake ya kueleza ilikuwa siku hiyo hiyo, akasimama mbele ya watu miguu imemvimba. Shule aliiachia darasa la sita, Uvira, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Akaeleza kwamba Yuda alipokufa walibaki kumi na mmoja, na Petro akataka apatikane mtu aliyekuwa nao tangu siku za Yohana Mbatizaji. Wakapatikana wawili, Mathiya na Yusufu aliyeitwa Yusto. Wote walikuwa wametembea njia ile ile na kula vumbi lile lile. Watu wakaomba, wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Basi, baada ya hapo Maandiko hayamtaji tena. Wapo wanaosimulia kuwa alihubiri mbali akauawa, wapo wanaosema alizeekea Yerusalemu.

Papa Vénant, mzee wa Kirundi asiyeweza kukaa na swali, akainua mkono.

"Mwanangu, na yule mwingine? Huyo Yusto alikwenda wapi?"

Watu wakacheka kidogo. Pélagie akamtafuta Wamaitha kwa macho, maana hapo ndipo angetupa utani wake. Wamaitha hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, na alikuwa akivitazama tangu kura ilipotajwa.

Kumbe simu ililia. Ililia kwa mwenzake.

Mama Arielle, kiongozi wao, akakohoa. Karatasi aliyoandika nyumbani ilikuwa imekwisha.

"Haikuandikwa, Papa," akasema. "Ila mimi nawaza, mle chumbani walimopigia kura walikuwa wanaomba pamoja kila siku. Yusto kesho yake angeamka aende wapi? Watu wake wote walikuwa mle. Nadhani alirudi akakaa. Labda siku hiyo hakukaa karibu na Mathiya."

Hakuna aliyecheka. Mama Arielle akafunga kwa maombi marefu kuliko kawaida.

Baada ya chai Wamaitha alimfuata alikokuwa akikunja meza. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Josefin alimpigia Alhamisi, kwamba ndani ya treni alijaribu mara mbili kumwambia, mdomo ukakataa. Pélagie akasema ameshajua.

"Nani alikuambia?"

"Viatu vyako."

Wamaitha akavitazama tena. "Umenikasirikia?"

Pélagie akajitafuta ndani. Hasira ilikuwepo, ila nayo ilikuwa imelala fofofo.

"Leo nimechoka, Wamaitha. Nitakukasirikia Jumatatu."

"Jumatatu niko zamu ya asubuhi."

"Basi Jumanne," Pélagie akasema, akainama kushika mwisho wa meza. "Nyanyua huko kwako."