Maandazi ya Togwa

Ndoto yenyewe niliiota jana, na nilikuwa nimelala bila kula, kwa hiyo asije mtu akalisingizia tumbo langu.

Kwanza nieleze kazi yangu. Kuna tovuti ya mapishi iitwayo Chungu Chetu, ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza pishi lake. Mimi, Kulwa, ni mhariri wa kujitolea. Nafuta nakala. Juu ya ukurasa tumeweka sharti kwa herufi nyekundu: TAFUTA KWANZA NDIPO UONGEZE. Hakuna anayelisoma. Wiki iliyopita pekee nilikuta Maandazi, Mandazi, Maandazi Laini, MAANDAZI!!! na Maandazi Kweli Kweli, yote unga, sukari, iliki, hamira, yale yale. Nilichoka. Nikayaunganisha yote kuwa pishi moja, na kwa hasira zile zile nikaunganisha humo humo Maandazi ya Mama, yaliyoandikwa na pacha wangu Doto. Tangu hapo Doto akawa hanisemeshi. Jana ilikuwa siku ya sita.

Basi, ndotoni ni saa saba mchana, ninarudi nyumbani. Mlango haupo. Pale pa mlango pamesimama kisanduku cha kutafutia, cheupe, kile kistari cha kuandikia kikipepesa.

"Tafuta kwanza," kinasema.

"Nitafute nini? Hapa ni kwangu."

"Kila mtu husema hivyo. Andika jina."

Naandika Kulwa.

"Mtu huyu yumo tayari. Je, ulimaanisha Doto?"

"Hapana! Nimemaanisha Kulwa."

"Tarehe ya kuzaliwa ile ile. Mama yule yule. Je, ulimaanisha Doto?"

Nakieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba sisi ni mapacha. Anayetangulia kuzaliwa anaitwa Kulwa, anayefuata anaitwa Doto. Kwetu Usukumani hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

"Anayefuata," kinarudia kisanduku, kikiandika. "Kwa hiyo Doto ni nakala. Asante kwa taarifa."

Nafungua mdomo kubisha, na tayari siko nyumbani. Niko katika ofisi yenye benchi refu. Kwenye benchi yamekaa maandazi, zaidi ya mia, kila moja limeshika namba yake. Nyuma ya meza limekaa andazi kubwa lenye miwani na muhuri. Mbele ya meza amesimama Doto, na miguu yake haionekani.

"Doto! Miguu yako iko wapi?"

"Muulize mhariri," anasema Doto.

"Tumeanza kumuunganisha," linasema Andazi. "Huwa tunaanzia chini."

"Atakwenda wapi?"

"Haendi popote. Atakaa ndani ya rekodi yako kama jina lingine. Mtu akimtafuta yeye, ataletewa wewe."

"Lakini ni mwanamke! Ana hereni!"

"Hayo tutayaweka kwenye maelezo ya ziada."

Kiuno cha Doto kinatoweka. Ananitazama kama anavyonitazama nikimaliza mboga yote.

"Kulwa, si ndicho ulichonifanyia?"

"Mimi nilifuata utaratibu! Viungo tisa kati ya kumi vinafanana, hiyo ni nakala."

"Na cha kumi ulikisoma?"

Sikukisoma. Andazi linanisukumia fomu. Nijaze tofauti, mstari mmoja tu, bila kurudia kilichokwisha kuandikwa. Naandika: Ni mfupi. Fomu inayatema maneno mezani. Naandika: Ana kelele.

"Na wewe pia," linasema Andazi. "Hiyo ipo."

Sasa Doto amebaki mabega na kichwa. Niliogopa, sifichi. Niliogopa kama mtoto aliyeachwa mkono sokoni, nikawa napiga meza na kuitukana fomu, na maandazi ya kwenye benchi yakaninyamazisha kwa "shhh" moja ndefu.

"Acha makelele unisikilize," Doto akasema. "Mama hakuwahi kutia hamira. Alikuwa anaumulia unga kwa togwa iliyolala, ule uji wa kimea ulioachwa ukachachuka. Wewe hukujua kwa sababu ulikuwa umeshahamia zako mjini. Mwaka ule wa mwisho wa uhai wake aliyekaa naye jikoni ni mimi. Hakuandika popote, Kulwa. Ukinifuta mimi, na togwa imekwenda."

Nikairudia fomu. Niliandika: Yeye alikuwepo.

Andazi likasoma. Likavua miwani, likafuta mafuta yaliyoigandia, likasoma tena. Kisha likachukua kiganja changu na cha Doto, maana mikono ilikuwa imesharudi, likagonga muhuri wa bluu, changu kisha chake.

"Wawili," likasema. "Anayefuata!"

Andazi Laini likainuka kuapa kwamba lenyewe ni laini kweli. Kutoka mlangoni kile kisanduku kikaniita kwa sauti ya kuchoka.

"Je, ulimaanisha Doto?"

"Ndiyo," nikasema, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jirani anafagia uwanja. Kabla ya kunawa uso nilifungua tovuti, nikayatenganisha Maandazi ya Mama na yale mengine, nikasoma mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Kiungo cha kumi: togwa iliyolala, kikombe kimoja.

Nikampigia Doto. Alipokea.

"Umenipigia mimi," akasema, "au umebonyeza vibaya?"

"Nimekupigia wewe, Doto. Nimeyarudisha. Nisamehe, sikusoma."

Alivuta kamasi. "Haya. Ngoja nibadilishe mkono, huu nimeamka nao umejaa wino wa bluu. Nimesugua hata kwa sabuni ya kufulia, hautoki."

Nikageuza kiganja changu, nikakitazama.