Maneno Aliyopewa Mgeni

Kwa miaka miwili Straton Hakorimana aliandika kitabu siku za Jumapili, baada ya misa, akiwa amekaa juu ya gogo nyuma ya nyumba yake Muheto, daftari likiwa magotini. Siku nyingine alikuwa mwalimu kama walimu wengine wa milima ya Masisi: asubuhi ubao na chaki, alasiri jembe katika shamba la maharagi. Hakuna mtu aliyemtuma kuandika. Vitabu vyote alivyoviona maishani vilitoka kwa mapadri ao kwa serikali, na alipompelekea padri wa misheni daftari zake nne, padri alizisoma wiki nzima, akamrudishia kwa upole.

"Mwandiko wako ni mzuri, Straton. Lakini sisi tunapiga chapa katekisimu na vitabu vya shule. Hii habari ya safari yako, nani ataisoma?"

Neno lile lilimwingia Straton kama mwiba. Mwezi ule ule aliuza mtamba wake, akashuka Goma kwa mtu mmoja aliyekuwa akipiga chapa karatasi za maduka, akamwomba ampigie kitabu. Mtu yule hakujua kushona vitabu. Basi karatasi zilikuja Muheto zimefungwa katika turubai, na Verdiane, bibi yake wa ndoa, njo alizishona kwa uzi wa magunia na sindano nene, nakala mia mbili, mpaka kidole chake cha gumba kikaota sugu. Jalada lilikuwa la bluu. Juu yake iliandikwa *Siku Kumi na Nane mu Musitu*, na chini jina lake. Ilikuwa mwaka wa 1955.

Kitabu kilieleza likizo aliyoipitisha Walikale mwaka wa 1952, kwa rafiki yake Michel, mwalimu wa huko, ambaye walisoma pamoja. Straton alikuwa mtu wa mlima na ng'ombe. Hakuwa amewahi kutembea mahali ambapo jua haligusi ardhi. Mjomba wa Michel, mwindaji jina lake Nestor, alimtembeza msituni, akamfundisha kutega na kusoma nyayo. Siku moja mvua iliwafungia katika kibanda cha majani, wao wawili tu, na Nestor akamweleza jambo.

Wakati wa vita ya wazungu, serikali ililazimisha watu wa Walikale kutafuta mpira wa porini. Kila mtu alikuwa na kilo zake, na asiyezifikisha alipigwa fimbo. Nestor aliingia msituni na mdogo wake, Kubuya. Kubuya alipanda juu kukata mpira, akaanguka, akavunjika kiuno. Nestor alimbeba nusu siku. Halafu alimlaza chini ya mti, akamwambia anaenda kutafuta watu wa kumsaidia. Hakwenda kutafuta watu. Siku ya kupima mpira ilikuwa imekaribia, na mgongo wake ulikuwa haujapona fimbo za mwezi uliopita. Alikata mpira siku mbili. Aliporudi, Kubuya alikuwa amekwisha kufa. Kule nyumbani alisema ni chui.

"Hii maneno sijaambia muntu," Nestor alisema, huku akiangalia mvua. "Nakuambia wewe juu uko mugeni. Mugeni anaenda nayo."

Straton aliitika kwa kichwa. Kisha, Jumapili moja Muheto, aliyaandika. Ikawa sura ndefu kuliko zote. Nestor alimwita "Mzee N.," akaona inatosha. Jina la Kubuya aliliacha lilivyo, maana marehemu, aliwaza, hana la kupoteza.

Kitabu kilipendwa. Mushaki, siku ya soko, watu walikaa juu ya magunia ya viazi wakisomeana. Wavuvi wa Shasha walimpa samaki kwa nakala moja, na barabarani watoto walianza kumwita Papa Kitabu. Katika furaha ile Straton alifunga nakala kumi, akazituma kwa Michel kwa mkono wa dereva wa lori la chumvi. Ndani aliandika: "Kwa wanafunzi wako, wapate kitu cha kusoma."

Barua ya Michel ilifika baada ya miezi miwili.

"Kaka Straton, kosa langu ni moja: niliwapa watoto kitabu mbele ya mimi mwenyewe kukisoma. Joséphine-Marie, mutoto wa Kubuya, alikisomea mama yake. Nestor ametoka mu kijiji, anakaa peke yake mu musitu. Usiniandikie tena. Ukuje."

Straton aliisoma amesimama mlangoni. Pétronille, mjane wa Kubuya, alimjua vizuri. Siku zile kumi na nane ni yeye aliyempikia ndizi na sombe. Straton alimwona pia binti wa mama huyo akijifunza herufi kwa kidole mchangani. Yote hayo aliyajua alipokuwa akiandika. Lakini alipoandika alikuwa akiwaza wasomaji wa Masisi, wa Goma, wa Bukavu. Watu wa Walikale aliwaona kama watu wa ndani ya kitabu, si watu wa kukisoma.

Jioni alimwambia Verdiane. Alianza kwa kuzunguka, kisha akasema lote.

"Alikukataza kusema?" Verdiane aliuliza.

"Hakunikataza. Aliniamini."

Verdiane aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea mtama. "Ile karatasi nilizitoboa moja moja," alisema, "na mimi sijui kusoma. Ungeniambia iko nini ndani, singeshona."

Wakati wa likizo ulipofika, Straton alipanda lori mpaka lilipokomea, akamaliza njia kwa miguu. Siku zote zile za njia alitunga maneno ya kuomba msamaha, akayasahihisha kama vile anasahihisha insha, na kila alipoyaona yamekuwa mazuri alijichukia.

Michel alimpokea bila kumkumbatia. Alimpa maji, akangoja anywe, halafu akampeleka kwa Pétronille. Uani walikaa wazee watatu wa ukoo, na Pétronille juu ya kiti kifupi, kitabu cha bluu kikiwa mapajani. Joséphine-Marie alisimama nyuma yake.

"Karibu, Mwalimu," alisema Pétronille. Sauti yake haikuwa na ukali, na Straton angependa iwe nao. "Mutoto alinisomea, lakini mutoto anaweza kuruka. Soma wewe mwenye uliandika."

Alisoma. Sentensi alizokuwa akizipenda zilitoka mdomoni mwake moja moja, mbele ya watu ambao jambo lile lilikuwa lao. Mzee mmoja alifunga macho. Straton alifika pale ambapo Kubuya amelala chini ya mti, peke yake, na akasoma: "Na mbele ya kukata roho aliita jina la bibi yake mara tatu, na musitu wote ukanyamaza kumsikiliza."

"Simama hapo," Pétronille alisema.

Alisimama.

"Kitabu inasema Nestor hakukuwa pale. Inasema alirudi, akamukuta amekufa. Sasa nani alisikia ananiita?"

Straton aliangalia ukurasa. Aliikumbuka vizuri Jumapili aliyoandika maneno yale. Alikuwa ameyapenda sana hata akayasoma kwa sauti mara tatu, peke yake juu ya gogo.

"Hakuna aliyesikia, Mama."

"Nestor njo alikuambia hivyo?"

"Hapana. Ni mimi niliweka."

"Juu ya nini?"

Maneno yote aliyoyatunga njiani yalikuwa yamemtoka. "Ili ikuwe muzuri," alisema.

Joséphine-Marie aligeuka, akaingia ndani ya nyumba.

"Miaka kumi na mbili Nestor ananileteaka nyama," Pétronille alisema. "Kila akiua, mukono moja inakuya huku. Nilisema ni upendo wa shemeji. Siku mutoto alinisomea, nilijua iko nini. Iliniuma sana. Lakini nilikuwa na ile ingine ya kushika, kwamba Kubuya aliniita. Nilikuwa nalala nayo." Alinyoosha mkono, akachukua kitabu kutoka kwa Straton, akakifunga. "Sasa na ile umeitosha mu mikono yangu."

Mzee mkubwa wa ukoo alikohoa. Alisema ni lazima Nestor atoke huko aliko, aonyeshe mahali, maana mtu wao hajazikwa, na kwa ajili ya chui wa uongo hawakumfanyia vile wazazi wao walivyofanyia wafu wao. Wapo waliotaka kutuma vijana wamlete kwa nguvu. Pétronille alikataa.

"Aende huyu," alisema, bila kumtaja Straton jina. "Amwambie mimi nataka kuona fasi yenye Kubuya alilala."

Kesho yake Michel alimsindikiza hadi kwenye mto, akamwonyesha njia, akarudi. Straton alimkuta Nestor akikausha nyama juu ya moto. Alikuwa amezeeka. Alipomwona mgeni hakusimama wala hakukimbia. Alisukuma kigoda kidogo kwa mguu, na Straton akakaa.

"Papa, nimekukosea," Straton alisema. "Nilichukua maneno yako, nikayauza."

Nestor aligeuza nyama. "Watu wanasema uliandika muzuri."

Straton aliinamisha kichwa.

"Nataka kukuuliza neno moja," Nestor alisema. "Nilikuambia kama nilimubeba. Nusu siku, mu mvua, ku mugongo yangu yenye vidonda. Hiyo uliiandika?"

Hapo Straton alitamani asingekuja. Aliiandika kwanza, katika daftari la tatu. Baadaye aliifuta, kwa sababu aliona inapunguza nguvu: msomaji angemhurumia Mzee N. mapema mno. Katika kitabu, Kubuya anaanguka, na mstari unaofuata Nestor anaondoka.

"Hapana, Papa. Niliitosha mu kitabu."

Nestor alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ambayo aliitazamia. "Basi wanajua tu kama nilimuacha."

"Ndiyo."

"Nilimuacha kweli," alisema Nestor. Halafu: "Lakini nilimubeba."

Straton alimpa ujumbe wa Pétronille. Nestor aliacha moto mpaka ukaanza kufa, kisha akashusha nyama, akaifunga katika majani, akatangulia njiani.

Walipofika kijijini, Straton hakungoja aulizwe. Uani kwa Pétronille, mbele ya wazee wale wale na majirani waliojikusanya, alisema kwamba Nestor alimbeba mdogo wake nusu siku kabla ya kumweka chini, kwamba aliambiwa hivyo tangu mwanzo, na kwamba yeye, Straton, ndiye aliyelifuta jambo hilo kwa kalamu yake. Aliongea haraka. Mtu mmoja nyuma alitema mate. Pétronille alikuwa akimwangalia Nestor.

"Ulimubeba?" alimwuliza.

"Mpaka ku muti wa tatu, ukisha kuvuka mto. Pale nilichoka."

"Ungeniambia, Nestor."

"Ningekuambia na mudomo gani?"

Pétronille alichota maji kwa kibuyu, akakiweka chini mbele yake, akarudi kukaa. Nestor alikiangalia muda mrefu kabla ya kukishika.

Walipanga kuondoka alfajiri: Nestor mbele, Pétronille na binti yake, wazee watatu, na Michel na kitabu chake cha sala. Straton alikuwa ameamka mapema, ameshafunga viatu. Alidhani atabeba mzigo ao jembe, lolote watakalompa. Mzee mkubwa alimwona, akamjia.

"Wewe ubakie hapa, Mwalimu."

"Nitabeba tu vitu, Papa. Sitasema kitu."

"Kule kuna mambo yetu tutafanya," mzee alisema, kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto. "Wewe unaonaka na unaandika. Ubakie."

Michel alisikia, akageuza uso. Wakaondoka.

Straton alikaa uani siku tatu. Jirani mmoja alimletea chakula, akakiweka mlangoni bila kuingia. Watoto wa shule walipita wakamchungulia. Mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Njo yeye," na wote wakakimbia. Alipasua kuni zote alizozikuta nyuma ya nyumba ya Pétronille, na zilipokwisha alitengeneza ukingo wa bustani yake uliokuwa umeanguka, maana mikono ilihitaji kazi.

Siku ya tatu mchana walirudi. Walikuwa na matope mpaka magotini. Nestor alitembea katikati yao, si mbele tena. Michel alimkaribia Straton, akamwambia, "Tumemuzika," basi. Straton hakuuliza walikuta nini, wala nani alilia, wala wazee walifanya nini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajue kuandika kwamba hakutaka kujua.

Kabla ya kuondoka aliomba arudishiwe nakala zake. Michel alimpa tisa. Ya kumi alikuwa nayo Pétronille, na Straton hakuthubutu kumwomba.

Kule Masisi alizunguka likizo yote iliyobaki, Muheto, Mushaki, mpaka Shasha, akiwaomba watu warudishe kitabu. Alipoulizwa sababu, alisema ukweli: kuna mahali alidanganya, na kuna mahali alificha. Wengine walimrudishia kwa huruma. Wengi walicheka, wakasema ni kitabu tu, Papa Kitabu, mbona unajisumbua. Mama mmoja wa Mushaki alimwambia atamrudishia akimaliza, amefika mahali patamu.

Straton alimngojea kando ya barabara, chini ya mvua ndogo, mpaka alipomaliza.