Binti Bashiri Ameshika Kikombe

...na kikombe kimefika mdomoni lakini hakijainuka, ananitazama juu ya ukingo wake, Mwanamvua, ananisubiri mimi, na nyuma yake Nambilanje nzima imepanga mstari inanisubiri mimi, wameshakenua kabla sijatamka neno, maana swali kaniuliza kwa Kimwera, taratibu, mtani, dawa hii inaponya au inajaribiwa, na mimi mkalimani, mimi domo la Daktari, namgeukia Daktari... "Anasema nini, Yunusi?" Daktari huyo, kwa Kiswahili chake cha kuagizia chai, nami, anauliza kama ina sukari, bwana, nimejibu hivyo, ulimi wangu huu una miguu yake, umeshafika njiani mimi bado natafuta viatu, na Daktari kacheka, mwambie haina... Wazungu wenzake wote wamekuja Nachingwea na matrekta kulima karanga, huyu peke yake kaja na sanduku lake kulima watu, anadhani kaajiri mkalimani, hajui kapata mtani, ukoo wetu na ukoo wa Mwanamvua tunataniana tangu mababu, namwita mke wangu mumewe akisikia, naingia jikoni kwake naondoka na ugali pamoja na sufuria, haruhusiwi kununa, mtani akikwambia kunywa unakunywa, ukikataa umeharibu mchezo, na ndivyo walivyokunywa watu wa kijiji cha Kiegei tulikoanzia, nikatembea mbele yao kama mzee mwenye busha, nimetanua miguu, naomba njia, kunyweni jamani, yakipungua haya mtawashinda nyani mbio, watu wakaanguka chini kwa kicheko, na Felisian, naye mtani wangu, akagugumia mpaka tone la mwisho akasema ongeza, mchoyo wewe... sasa anapapasa ukuta. Nilipita mlangoni kwake, akageuza uso kule nisikokuwepo, nani, mimi, acha kujificha Yunusi, akasema, anacheka, anadhani namchezea... yule wa Kiegei haoni, bwana, nilimwambia Daktari, akainamia sanduku, "ndiyo maana tunajaribu, tukikijua kipimo wengi watapona," na huenda kweli watapona, mguu wa mama yangu ule wa matende, umevimba kama mtungi, ungempa hata majivu angekunywa, lakini mama angejua anakunywa kwa nini, huyu Mwanamvua hana matende, hana hata upele, Daktari anataka na wazima wanywe ili aone tofauti, hilo sijamwambia mtu, usiwatie hofu, aliniambia, wakijua hawatakuja, nikasema ndiyo bwana, haraka, kama mtu aliyepewa kiti... wakijua hawatakuja, basi hawa hawajaja, nimewakokota mimi, kwa mbavu zao wenyewe... "Mjibu mkeo, mume wa bure wewe!" bibi Mwanne huyo, kutoka mwisho wa mstari, "au leo umemeza nzi?" na wanacheka, mstari wote unayumba, hata Mwanamvua, kikombe kinatikisika, tone limemdondokea kidoleni, asililambe, asililambe... sema basi, sema kweli, mke wangu shika macho yako yatakimbia, nikisema hivyo watagaragara, Yunusi leo kaamkia upande mzuri, na yeye atakunywa huku akicheka, sina sauti nyingine, tangu utoto nimewapa hii moja, hata nikilia wananipigia makofi... nisimwite mtani. Nisimwite mke wangu. Nimwite kwa jina la marehemu baba yake, kama jumbe anavyomwita barazani, mtani hamwiti mtani wake hivyo hata siku moja, akilisikia atajua utani nimeukata, na ukikatwa mbele ya watu nani ataufunga tena, watoto wake na wangu watasalimiana kwa adabu kama majirani wapya, nitazikwa kama mgeni, hakuna mtani wa kwao atakayeruka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe jogoo, watu watashusha maiti yangu kimya, watarudi nyumbani mapema... "Yunusi?" Daktari tena, "kuna shida?" na wale bado wamekenua, mate yanawajaa wakisubiri utamu wangu, uso huu unakunjwaje, nivute mashavu chini, hivi, midomo nayo, hivi, nalijaribu jina moyoni kwanza, Binti Bashiri, halichekeshi, nalirudia, Binti Bashiri, tazama, halichekeshi kabisa.