Mtamba wa Luhaga

Mihayo hakuwa na wakili, wala serikali haikuwa na mpango wa kumpa. Soko huria lilileta Mwanza viwanda vya minofu, vyama vingi na soda za kila rangi, lakini wakili wa bure alibaki wa mshtakiwa wa mauaji. Wewe wa wizi, jitetee. Ukishindwa, shauri yako.

Alishtakiwa kuiba injini ya boti ya tajiri aliyenunua sangara upande wa Kamanga. Injini yenyewe haikuonekana. Kilichoonekana na kila mtu ni kwamba Mihayo aliwashawishi wavuvi wenzake waikatae mizani ya tajiri huyo iliyowapunja, na haukupita muda sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakamfunga kamba. Kisha baba yake mdogo, Luhaga, akawapa sungusungu mtamba wa ng'ombe wampelekee tajiri kama fidia. Mtamba huo ndio ulikuwa ushahidi wote.

"Kiri," mwendesha mashtaka wa polisi alimwambia kwenye korido ya mahakama, kwa upole kama anayemuuzia shati. "Utapata kifungo cha nje, leo unalala kwa mkeo."

"Nikalale nikiwa mwizi?"

"Ubishi huu utakuozesha gerezani, kijana."

"Twende ndani, afande. Hakimu anangoja."

Kule mahabusu washtakiwa walikuwa na mahakama yao ya mazoezi, ndoo iliyopinduliwa ndiyo kizimba. Mzee Khalidi, aliyezeekea kwenye kesi zisizoisha, ndiye aliyewanoa. Alikuwa akiwaambia kosa lao watu wa ziwani ni moja: wakiruhusiwa kumuuliza shahidi maswali, wanamtukana. "Unasema, 'Mwongo wewe.' Hakimu anaandika mshtakiwa hana swali, basi, umekwisha. Usimwambie kitu. Muulize, halafu funga mdomo."

Siku hiyo kizimbani Chenge, mkuu wa sungusungu, alitoa ushahidi kifua mbele. Asiye na hatia hatoi ng'ombe, alisema. Familia ililipa kwa sababu ilijua kijana wao kaiba.

"Mshtakiwa, una maswali?"

Mihayo akasimama. Makovu ya viboko vya mtu huyu yalikuwa bado yanamwasha mgongoni.

"Shikamoo, mzee Chenge."

"Marahaba," lilimtoka Chenge kabla hajafikiri. Watu wakacheka.

"Kabla baba mdogo hajatoa mtamba, ulikuwa umeamuru familia yetu itengwe?"

"Ndiyo. Ndio utaratibu wetu."

"Aliyetengwa anasaidiwa na nani?"

"Hasaidiwi. Atakayemsaidia anatengwa naye."

"Hata akifiwa?"

Chenge akamtazama mwendesha mashtaka. Mihayo alihisi maneno yakimpanda kooni, mwongo wewe, mnyama wewe, akayameza kama dawa chungu.

"Jibu, shahidi," hakimu alisema.

"Hata akifiwa."

"Siku mtamba ulipotoka, ndani ya nyumba ya Luhaga kulikuwa na maiti?"

"Ya mama yake."

"Alikufa siku hiyohiyo?"

"Juzi yake."

Kwenye benchi la nyuma Luhaga alijifunika uso kwa kofia. Kijiji kizima kilimwita msaliti aliyemuuza mtoto wa kaka yake, naye hakuwahi kujibu.

"Kaburi lilichimbwa kabla ya mtamba kutoka, au baada?"

Chenge akalamba midomo. "Watu waliogopa kuja..."

"Kabla au baada, mzee wangu?"

"Baada."

"Sina swali jingine, mheshimiwa."

Wiki iliyofuata hakimu alisoma uamuzi wake taratibu, bila kuinua macho. Mtamba ulitolewa ili marehemu azikwe. Haukuthibitisha wizi wowote. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Yuko huru.

Nje, kwenye ngazi, Chenge alikuwa akimsubiri.

"Umebahatika, mwanangu. Nakushauri utafute maisha huku mjini. Kule usirudi."

"Ni amri ya sungusungu au ya tajiri?"

"Ni ushauri wa mzee."

"Nimekusikia, mzee." Mihayo akamshika Luhaga mkono. "Kesho asubuhi nashuka Kamanga, siku ya gulio, watu wote wakiniona. Nitaanzia palepale kwenye mizani. Kama mna kamba nyingine, njooni nayo, ila safari hii nitawauliza maswali mbele ya wavuvi."

Chenge alifungua mdomo. Mihayo hakumngojea.