Kopo la Ugoro la Bibi Mwanakheri

Mgeni alitokea mlangoni tukiwa katikati ya kisomo cha watu wazima: Mzungu mrefu, mikono imejaa grisi. Gari lake lilichemka akitoka Mikumi, akaomba maji. Kiswahili chake kilichechemea lakini kilifika.

"Unaelekea wapi?" nikamuuliza.

"Kilosa. Kesho asubuhi."

Kesho, Jumamosi, mchumba wangu Yunis angepita stesheni ya Kilosa akienda Tabora kuanza kazi, nami sikuwa na usafiri. Nikaomba lifti, akakubali.

Ubaoni nilikuwa nimeandika "China" na "china". Lenye herufi kubwa ni nchi ya mafundi wanaojenga reli. Lenye ndogo ni vyombo vya kaure. Nilikuwa nimewaahidi wanakisomo: atakayeniletea neno jingine la Kiingereza la namna hiyo, Jumamosi inayofuata nitamlimia ngwe yake katika shamba la kijiji. Kila kaya hupimiwa ngwe, na isiyolimwa hubaki na majani, wote waione. Hakuna aliyekuwa amefaulu.

"Mgeni, kabila lako nani?" Bibi Mwanakheri akauliza.

Mgeni akacheka, akachukua chaki, akaandika: "Polish", yaani Mpolandi.

Bibi alilitazama neno lile. Akafungua pindo la kanga, akatoa kopo lake la ugoro. Lilikuwa kopo langu la rangi ya viatu, nililolitupa likiwa tupu; kifunikoni bado limeandikwa "polish".

"Hili hapa, Mwalimu. Lake lina herufi kubwa, langu lina ndogo. Na yeye hafanani na rangi ya viatu."

Darasa zima likaangua kicheko, mgeni naye.

Baadaye Bibi akasikia habari za lifti. "Nenda kwa mwenzio. Nitalima mwenyewe."

Nikatazama goti lake lililovimba. "Niliahidi, Bibi. Na Jumamosi yenyewe ni kesho."

"Akikuacha, utanioa mimi?"

"Shamba lako nitakuwa nimeshalijua."

Nilimfundisha mgeni sentensi moja ya kumpelekea Yunis: "Anakuja Tabora likizo." Aliirudia hadi usingizi ukamshinda.

Asubuhi, jembe mkononi, nilisikia honi barabarani. Niliinua mkono hadi vumbi likatulia, kisha nikainama tena.

Bibi alikuwa amekaa mwisho wa ngwe, anavuta ugoro.

"Mume wangu," akaita, "tuta limepinda."

Nikarudi nyuma, nikalinyoosha.